Maswali ya Wasomaji: Meli Imefunga Gati, Makumbusho Yamefungwa

*Safari hii barua nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu ana saa chache nchi kavu, na kuna makumbusho anayatamani. Tumechagua nne.*

Nataka kuona yote matatu

*Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, miaka 63, naishi Rau, Moshi. Mwanangu aliyeko Ujerumani amenikatia tiketi ya meli ya kitalii mwezi Septemba. Tunapanda Barcelona Jumamosi. Jumatatu tupo Livorno, 07:00 hadi 19:00. Jumanne Napoli, 07:00 hadi 18:00. Alhamisi Piraeus, bandari ya Athens, 07:00 hadi 18:00. Ijumaa Kuşadası, Uturuki, na Jumamosi tunarudi Piraeus kushuka. Nataka kuona Uffizi, makumbusho ya sanaa ya Florence, na makumbusho ya akiolojia ya Napoli na ya Acropolis kule Athens. Nimeyafundisha miaka yote bila kuyaona. Tatizo magoti: nikisimama saa mbili mfululizo yanavimba. Nipangeje?*

Shikamoo mama. Tuanze na habari mbaya ili usiikute mlangoni. Uffizi hufungwa Jumatatu, siku utakayokuwa Livorno, bandari ya kwendea Florence. Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Napoli hufungwa Jumanne. Meli yako inafika kwenye miji hiyo miwili siku ileile ambayo mlango umefungwa. Wasafiri wengi hulikosa hili, kwa sababu hutazama saa za kufungua na kusahau siku. Kabla ya kulipia chochote, chukua karatasi, andika kila bandari na siku yake ya juma, kisha mbele yake andika siku ambayo makumbusho unayoyataka hayafunguliwi. Kazi ya dakika kumi.

Jambo la pili ni saa. Ratiba ya meli na tiketi za makumbusho huandikwa kwa mtindo wa 24. Kuanzia asubuhi hadi 18:00, toa 6 upate saa yetu: 09:00 ni saa 3 asubuhi, 17:00 ni saa 11 jioni. Baada ya 18:00 toa 18, kwa hiyo 19:00 ni saa 1 usiku. Hatari kubwa ni tiketi iliyoandikwa 11:00. Jicho la Mswahili husoma saa kumi na moja, kumbe ni saa tano asubuhi, na tiketi ya muda maalumu ukiichelewa huenda usiingizwe. Mwombe mwanao aandike saa zetu kwa kalamu pembeni ya kila tiketi.

Kuna pia saa za nchi. Septemba, Italia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, lakini Ugiriki na Uturuki zina saa sawa na yetu. Kati ya Napoli na Piraeus, basi, saa itasogezwa mbele, kwa kawaida usiku, na tangazo huja kwenye karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani. Simu inaweza kujirekebisha yenyewe kabla ya meli au baada yake. Saa ya meli ndiyo inayoamua nani anaachwa, kwa hiyo vaa saa ya mkononi na uiweke sawa na saa ya ukutani pale mapokezi ya meli kila asubuhi.

Sasa hesabu yenyewe. Ianze mwisho, uirudishe nyuma. Tuchukue Livorno. Meli inaondoka saa 1 usiku. Abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa kabla, mara nyingine saa nzima. Muda kamili huandikwa pale penye ngazi ya kushukia. Tuseme saa 12:30 jioni. Toa saa moja na nusu ya akiba: uwe kwenye geti la bandari saa 11 jioni. Kutoka Florence hadi getini hesabu saa mbili na nusu, maana treni peke yake ni kama saa moja na nusu, na kuna kungoja, kuna gari la stesheni hadi mjini, na kuna basi la bandari. Ndani ya bandari ile ya mizigo watu hawaruhusiwi kutembea kwa miguu. Basi Florence uondoke saa 8:30 mchana. Asubuhi, ukishuka saa 2, unafika saa 4:30. Umebakiwa na saa nne kati ya zile kumi na mbili za ratiba.

Saa nne zinatosha makumbusho moja, chakula, na kukaa kwenye benchi. Kwa kuwa ni Jumatatu, nenda makumbusho ya kanisa kuu la Florence, Museo dell'Opera del Duomo, umbali wa kama dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Santa Maria Novella. Yana lifti. Humo imo ile milango ya shaba iliyopakwa dhahabu ya mchongaji Ghiberti, aliyoifanyia kazi kuanzia 1425 hadi 1452. Inayoonekana nje mbele ya jengo la ubatizo ni nakala. Isogelee milango ile, mama. Ina paneli kumi, na katika kila moja watu wa mbele wametokeza karibu mwili mzima huku wale wa nyuma wakizidi kuwa bapa, hadi wa mwisho ni mkwaruzo tu kwenye shaba. Mwalimu wa historia atasimama hapo muda mrefu kuliko anavyodhani, kwa hiyo ziweke za kwanza, magoti yakiwa bado mapya. Imo pia Pietà, sanamu ya Maria akiwa na maiti ya Yesu, aliyoichonga Michelangelo uzeeni na kuivunja kwa mkono wake mwenyewe kabla haijakamilika.

Kama mwili utakuambia Florence ni mbali, usilazimishe. Pisa ni kama kilomita 20 tu kutoka Livorno, treni haifiki nusu saa, na Camposanto, makaburi ya kale ya pale pembeni mwa mnara ulioinama, inastahili safari: kuta za michoro zilizoungua kwa moto wa vita Julai 1944 na kurudishwa kipande kwa kipande.

Napoli Jumanne inauma, kwa sababu michoro na mozaiki (picha za vijiwe vidogo) maarufu za Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na volkano, hazipo Pompeii, zimo kwenye makumbusho yaleyale yaliyofungwa siku hiyo. Ile mozaiki ya vita vya Aleksanda, kwa mfano, ndiko iliko. Nyumba ilikotoka imewekewa nakala sakafuni. Watu watakuambia basi nenda Pompeii penyewe, ni kilomita 25 tu, kama Arusha mjini hadi Usa River. Kwa magoti yako tunakushauri usiende. Barabara za mle zimetandikwa mawe makubwa yenye mifereji ya magurudumu, kivuli ni haba, na Septemba jua bado kali. Mwanao akitaka kwenda peke yake, ajue kwamba tangu Novemba 2024 tiketi zina jina la mtu na kwa siku hawaingii zaidi ya watu 20,000. Aende na kitambulisho, na begi lisizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Treni ni ya Circumvesuviana kutoka stesheni ya Garibaldi, hujaa sana, simu na pochi zikae mbele. Wewe, mama, nenda kasri la kifalme, Palazzo Reale. Hufungwa Jumatano, kwa hiyo Jumanne lipo wazi, na kutoka gatini ni mwendo wa dakika kumi hivi. Saa moja na nusu ndani, kahawa uwanjani, rudi melini ukanyooshe miguu. Siku kubwa bado iko mbele.

Siku hiyo ni Alhamisi. Piraeus hadi katikati ya Athens ni kama kilomita kumi, pungufu ya Arusha mjini hadi Tengeru. Tangu 2022 treni ya chini kwa chini, laini ya 3, inafika Piraeus: panda, shuka Syntagma, hamia laini ya 2, stesheni inayofuata inaitwa Akropoli, na makumbusho yako hapohapo juu. Ila kutoka gati za meli za kitalii hadi stesheni ya Piraeus ni mbali kwa goti bovu. Hapo chukua teksi au basi. Makumbusho ya Acropolis hufunguliwa saa 3 asubuhi kipindi cha kiangazi. Ukiwa mlangoni saa 3:30 na kuondoka saa 7 mchana, una nafasi ya kutosha hata treni ikigoma.

Usianzie chini. Watu wote huanzia chini, na wakifika ghorofa ya juu wamechoka. Panda lifti moja kwa moja hadi ghorofa ya tatu, kwenye ukumbi wa Parthenon, hekalu la kale la juu ya mlima wa Acropolis. Ukanda wa sanamu uliozunguka hekalu ulikuwa na urefu wa mita 160. Kama mita 50 zimo humo, na mita 75 ziko London. Utaona penyewe bila kusoma kibao: mawe ya asili yana rangi ya asali, na pengo la kila kipande kilichoko nje limejazwa plasta nyeupe pee. Zunguka ukumbi polepole ukifuata rangi hizo mbili. Ukimaliza shuka ghorofa ya kwanza kwa wanawake wa mawe waliobeba paa. Ni watano, wa sita yuko London na nafasi yake imeachwa wazi. Pita nyuma yao uangalie nywele: misuko minene imeshuka mgongoni, na mafundi hawakuifanya kwa urembo peke yake, unene ule ndio ulioipa shingo nguvu ya kubeba paa.

Mlima wa Acropolis wenyewe una tiketi nyingine, yenye saa maalumu ya kuingia, na marumaru yake huteleza. Tunakuomba uuangalie kupitia vioo vya ukumbi ule wa juu. Unaonekana wote.

Kuşadası ikupe zawadi ndogo: makumbusho ya Efeso yako mji wa Selçuk, kama kilomita 20 kutoka bandarini, na hayana ukubwa wa kuchosha. Sanamu mbili kubwa za Artemi wa Waefeso zimo humo, yule ambaye kwa ajili yake mafundi wa fedha walileta fujo katika Matendo ya Mitume.

Lakini Kuşadası hiyohiyo ndiyo yenye mtego wa viza. Uturuki haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukitoka Ugiriki Alhamisi kwenda Uturuki na kurudi Jumamosi, umetoka na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Omba ya mara nyingi, na ya Uturuki uishughulikie kivyake. Kampuni za meli hukagua pasi na viza za safari nzima siku ya kupanda, na asiyekamilika huachwa Barcelona hata kama hakuwa na nia ya kushuka Kuşadası. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Utahitajika Dar es Salaam kwa alama za vidole, basi panga hilo mapema.

Wageni kumi na wanne, Zanzibar, siku ya Ijumaa

*Mimi ni mwongoza watalii, Sakina, Arusha. Kampuni yetu imepata wageni 14 ambao meli yao itatia nanga Zanzibar Ijumaa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Wanataka makumbusho, hawataki viungo wala ufukwe. Nimeandika Beit el-Ajaib, Ngome Kongwe, Mkunazini na Jumba la Kifalme. Inatosha?*

Inazidi, ndugu yetu, na jina la kwanza lifute. Beit el-Ajaib, jumba la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Usiwaahidi wageni kuingia ndani. Jumba la Kifalme lililo jirani nalo piga simu kwanza wiki hiyohiyo uthibitishe.

Soma vizuri neno "kutia nanga" kwenye ratiba uliyopewa. Meli ikifunga gati Malindi, wageni wako wanashuka kwa ngazi na kutembea. Ikikaa mbali majini, wanaletwa kwa boti ndogo, wanapanga foleni kwa namba, na wale wenye ziara za meli hutangulizwa. Hapo saa 2 asubuhi ya ratiba inakuwa saa 3:30 kwenye gati, na jioni boti ya mwisho huondoka mapema kuliko watu wanavyodhani. Kwa hesabu ya usalama una saa 3:30 hadi saa 9 alasiri.

Katikati ya muda huo kuna sala ya Ijumaa. Kuanzia saa 6 mchana hadi kwenye saa 8, maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungwa, na vichochoro vya karibu na misikiti hujaa waumini. Usiwe na watu 14 wenye kaptura na kamera katika njia hizo wakati huo. Wajulishe siku moja kabla: mabega na magoti yafunikwe.

Weka uzito wote Mkunazini, asubuhi. Kutoka Malindi ni dakika 15 hadi 20 kwa miguu. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa likaanza kujengwa juu ya kiwanja chake mwaka huohuo. Kuna maonesho ya historia ya biashara ile, kuna vyumba vya chini, na kuna sanamu za watu walio shimoni, wamefungwa mnyororo wa chuma halisi shingoni. Vyumba vile vina dari ya chini, mtu mrefu huinama, na hewa ni nzito. Watu 14 hawaingii pamoja wakasikia chochote. Wagawe makundi matatu ya watu wanne au watano, kundi moja chini, jingine kwenye maonesho, jingine kanisani, wabadilishane kila baada ya dakika 20. Kisha wape robo saa ya kukaa kimya kivulini. Mahali pale hapafai kukimbizwa, na mgeni aliyetolewa mle moja kwa moja kwenda kununua kanga unamkosea yeye na unapakosea mahali penyewe. Ngome Kongwe ifuate, ipo njiani ukielekea Forodhani, na chakula kiwe wakati wa sala.

Jambo la mwisho: utalii wa Zanzibar husimamiwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na leseni yako ya bara haikupi ruhusa ya kuongoza kule. Chukua mwongozaji wa Unguja mwenye kitambulisho, umpe hesabu hii ya muda, nawe uwe mchungaji wa kundi. Mtu mmoja aongee, mwingine ahesabu vichwa.

Saa sita KIA

*Wajomba wangu wawili wanatoka Kanada, wana saa sita kati ya ndege na ndege pale KIA, zote za kimataifa. Mmoja alizaliwa Kaloleni. Naweza kuwakimbiza Arusha wakaone makumbusho? (Msomaji, Njiro)*

Kwa saa sita, hapana. Saa tatu za mwisho ni za kujiandikisha na ukaguzi. KIA hadi Arusha mjini ni karibu kilomita 50, na magari ya Usa River na Tengeru hayana huruma: weka saa moja na robo kwenda, na kiasi hicho kurudi. Unabaki na nusu saa, na bado hujahesabu foleni ya uhamiaji wakitua. Wapelekee chakula uwanjani, mkae mzungumze.

Wakipata saa tisa au kumi, sawa, na anza na Makumbusho ya Azimio la Arusha, kwa sababu yapo Kaloleni kwenyewe, karibu na mnara wa Mwenge, ndani ya ukumbi uleule ambamo TANU walikutana Januari 1967. Mjomba huenda anaukumbuka kabla haujawa makumbusho. Dakika 40 zinatosha. Boma la Wajerumani la mwaka 1900, lenye makumbusho ya elimu ya viumbe na chimbuko la binadamu, ni mwendo wa robo saa na ushee kwa miguu kutoka hapo. Lifanyeni la pili, muda ukiruhusu.

Baharia na Jumapili za Civitavecchia

*Shikamooni. Nimepata ajira ya jikoni kwenye meli, natokea Majengo, Moshi. Meli itakuwa Civitavecchia kila Jumapili, na nitakuwa na mapumziko ya saa tano. Naweza kufika Makumbusho ya Vatikani na kurudi?*

Marahaba, na hongera. Kwa saa tano, usijaribu. Civitavecchia hadi Roma ni kilomita 80, Arusha na Moshi kabisa. Treni ya kawaida hadi stesheni ya Roma San Pietro ni kama saa moja, kisha unatembea zaidi ya dakika 20. Ukijumlisha basi la bandarini na kungoja, kwenda na kurudi kumekula saa nne. Tena Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, mwisho wa kuingia saa 6:30. Foleni ya siku hiyo ya bure huweza kumaliza mapumziko yako yote.

Mwombe msimamizi wako, mapema na kwa maandishi, akupe siku moja ndefu kwenye Jumapili ya mwisho ya mwezi, na uangalie usiwe kwenye zamu ya wanaobaki melini bandarini; kila meli huacha idadi fulani ya mabaharia ndani kwa ajili ya dharura, na orodha hubandikwa. Siku nyingine zote, tembea kwa miguu hadi makumbusho ya akiolojia ya Civitavecchia penyewe, yapo mjini karibu na bandari. Ni madogo, yana vitu vya Waetruski, watu waliokuwepo kabla ya Warumi, na vya Warumi wenyewe, vilivyochimbwa eneo hilohilo. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ya Italia hayatozi kiingilio. Chukua kadi yako ya meli na kitabu cha baharia. Bila hivyo viwili geti halikurudishi ndani.